Muulize Shangazi: Kabla mtoto hajapanda kile kiti

Barua za mwezi huu zimeelemea upande mmoja: meno ya watoto wadogo, na siku ya kwanza ya kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Kwa wasomaji wapya, mimi si daktari. Nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, yule anayesimama ubavuni mwa kiti akishika bomba la kunyonya mate na kukabidhi vifaa. Daktari anaangalia jino, mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu. Mtoto anaweza kutulia tuli, mdomo wazi, lakini ukiona vidole vinajikunja ndani ya soksi ujue subira imebaki kidogo, na nilikuwa nikimkonyeza daktari apumzike.

Shangazi, shikamoo. Nina binti wa miaka mitatu na nusu. Hajawahi kwenda kwa daktari wa meno wala hajalalamika kuumwa, ila nimeona gego moja lina alama ya kahawia, nikachukua miadi ya wiki ijayo. Tatizo ni binamu yake wa miaka minane. Amemwambia kuwa daktari wa meno ana koleo na anawang'oa meno watoto wasiopiga mswaki. Sasa nikitaja tu neno "meno" anafunika mdomo kwa mikono miwili. Dada yangu anasema nisimwambie kitu, nimchukue kama tunakwenda matembezi. Mume wangu anasema nimwambie haitauma. Nishike la nani? – Mama wa mdomo uliofunikwa

Marahaba, mwanangu. Usishike la yeyote kati yao.

Tuanze na la dada. Mtoto anayedhani anakwenda kucheza, halafu akajikuta amelazwa chali na taa inammulika usoni, anaondoka na somo moja tu: mama akisema twende tukatembee, kaa chonjo. Safari ya pili utamtoa uvunguni mwa kitanda. Na safari ya pili ipo, kwa sababu gego lenye alama haliishii kwenye kutazamwa mara moja.

La mume wako ndilo linalosemwa na wazazi wengi, na kwa nia njema kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea watoto mlangoni. Aliwahi kuja kijana mmoja mdogo, mchangamfu, kashika gari lake la kuchezea, anauliza hiki na kile. Baba yake akainama akamnong'oneza, "Usiogope, haitauma." Mtoto akasimama palepale. Akamtazama baba, akanitazama mimi, akauliza, "Nini haitauma?" Mpaka dakika ile hakuwa na habari kwamba humo ndani kuna kitu cha kuuma. Kwenye kiti hakupanda siku hiyo. Alifungua mdomo kwenye benchi la kusubiria, mapajani mwa baba yake, daktari akiwa amepiga magoti sakafuni na kioo chake.

Tena hiyo ni ahadi ya mali ya mtu mwingine. Wewe hujui daktari atakuta nini ndani ya gego lile, na hata yeye hajui bado. Binti akikuuliza kama itauma, mjibu hivi: "Sijui, mwanangu. Kwanza ataangalia kwa macho na kioo. Akitaka kufanya kitu kingine atatuambia kabla." Watoto wanaistahimili "sijui" ya mama kuliko tunavyodhani. Kisichostahimilika ni kuambiwa haitauma, ikauma, na wote waliosema hivyo wamesimama pale wanakuangalia.

Sasa umwambie lini? Kwa umri wake, siku moja kabla inatosha, au asubuhi ya siku yenyewe. Ukianza wiki nzima mapema utampa muda wa kujitungia mambo, na yule binamu atamsaidia kutunga. Mweleze kwa mfuatano yale atakayoyaona: kiti kirefu kinachopanda, kinachoshuka na kulala; taa kubwa; mtu aliyevaa barakoa na glavu; kioo kidogo chenye mpini mrefu; daktari atahesabu meno yake. Ishia hapo. Sindano, mashine na kung'oa usivitaje, hata kwa kuvikanusha, kwa kuwa mtoto akisikia "hakuna sindano" anachobaki nacho kichwani ni sindano.

Kuhesabu huko anzeni nyumbani. Kwa umri wa binti yako meno yote ya utoto huwa yameshatoka, 20 kwa jumla, 10 juu na 10 chini. Kaa kitandani, mlaze chali kichwa kikiwa mapajani mwako, uso wako uwe juu ya wake kwa upande wa kichwani, umhesabie kwa kidole kilichooshwa. Halafu mpokezane: na yeye akuhesabie wewe, mwanasesere, na baba yake asiyejua kukataa. Nasisitiza kulala chali kwa sababu kwa nilivyoona miaka yote ile, watoto wengi hawakushtushwa na vifaa kama walivyoshtushwa na kule kuegemezwa nyuma na kuona uso wa mtu asiyemjua umepinduka juu chini. Aliyekwisha kuuona uso wa mama yake katika hali hiyo anacheka.

Turudi kwa binamu. Usibishane naye kwa kusema koleo halipo. Lipo, na siku binti akiliona utakuwa mwongo wewe. Mwambie kwa sauti ya kawaida, kama unayeeleza kijiko ni cha nini: "Koleo lipo, ni kwa meno yaliyoharibika sana. Wewe siku hiyo unakwenda kuangaliwa na kuhesabiwa." Kisha jiulizeni wakubwa. Mtoto wa miaka minane hakuyatunga yale. Kuna mtu mzima aliyesema mbele yake, "Usipopiga mswaki nitakupeleka kwa daktari akung'oe." Huwezi kumgeuza daktari fimbo Jumatatu halafu Alhamisi ukategemea mtoto amfungulie mdomo. Hiyo kauli ikome nyumbani kwenu na kwa jirani pia, ukiweza.

Kabla ya siku, piga simu kliniki. Waambie ni mara yake ya kwanza, ana miaka mitatu na nusu, ametishwa na anaficha mdomo. Uliza kama utaruhusiwa kukaa naye. Uliza pia wao wanaviitaje vifaa mbele ya watoto, ili nyumbani na kliniki mseme lugha moja. Sisi lile bomba la kunyonya mate tulikuwa tunaliita "bomba lenye kiu". Tulilichovya kwenye kikombe cha maji mbele ya mtoto, likayanywa kwa kelele, akataka kulinywesha yeye. Huo si utani wa kliniki yetu tu. Ni njia inayofundishwa vyuoni, sema–onyesha–fanya, iliyoelezwa na daktari wa Marekani aitwaye Addelston mwaka 1959, na hadi leo ndiyo msingi wa kazi ya meno ya watoto. Daktari anasema atakachofanya, anakionyesha, mara nyingi kwenye ukucha au kiganja cha mtoto, ndipo anakifanya. Ukiona daktari anaruka hatua ya pili, una haki ya kumwomba arudi nyuma.

Chagua miadi ya asubuhi, akiwa amelala vizuri na amekula. Mtoto anayesinzia hana mazungumzo. Asiwe na njaa, ila mswaki apige baada ya kula.

Humo ndani sauti iwe moja. Nimeshuhudia mama, baba, bibi na mimi mwenyewe tukisema kwa pamoja "fungua mdomo, fungua mdomo," na mtoto anazungusha macho hajui amsikilize nani. Mwachie daktari azungumze. Wewe mshike mguu au mkono, kimya. Akilia, analia tu. Kwa umri huo kulia ni jambo la kawaida na halimzuii daktari kuona. Kumwambia "mbona mwenzako halii" ndiko kunakoharibu. Na mkiishia kukaa kitini na kuhesabu meno kumi ya chini, hiyo ni ziara kamili, usirudi nyumbani umenuna. Kama hakuna maumivu wala uvimbe, ya juu yatahesabiwa siku nyingine.

Zawadi nazo. Usitangaze kabla. "Ukitulia nitakununulia" humwambia mtoto kwamba kuna jambo zito linakuja, la kuhitaji hongo. Baada ya hapo msifu kwa kitu alichokifanya kweli: "Ulifungua mpaka daktari akaliona gego la mwisho kabisa." Hiyo atakwenda kumsimulia binamu.

Kuhusu ile alama ya kahawia, mimi wala wewe hatuwezi kujua kwa kutazama nyumbani kama ni doa la juujuu au ni jino linaoza. Uzuri umeliona kabla halijauma. Ndiyo maana nasema ziara ya kwanza isingoje maumivu: mtoto anayefika mara ya kwanza akiwa hajalala usiku kucha, shavu limevimba, hana nafasi ya kucheza na bomba lenye kiu. Ikiwa ni mwanzo wa kuoza, huenda daktari akapaka dawa nzito ya floridi kwa kiburashi kidogo. Inagandia kwenye jino ikikutana na mate, huacha umanjano kidogo siku hiyo, na utaelezwa saa ngapi za kutompa vyakula vigumu na lini apige mswaki tena.

Jino likiwa limetoboka, uliza njia zote zilizopo kabla hujakubali moja. Kuchimba kwa mashine si lazima kila mara. Kuna njia ya kukwangua sehemu iliyooza kwa vifaa vya mkono na kuziba bila mashine, ambayo ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na sasa inatumika duniani kote. Kuna kofia ya chuma inayovikwa juu ya gego. Kuna pia maji ya madini ya fedha na floridi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliyaingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Hayo hupakwa tu na husimamisha kuoza, lakini sehemu iliyooza inageuka nyeusi na kubaki hivyo. Kwenye gego la nyuma wazazi wengi hawajali, kwenye jino la mbele wanalia. Bora ujue kabla.

Na siku itakapohitajika sindano ya ganzi, ufizi hupakwa kwanza jeli ya ganzi. Kazi kubwa inakuja baadaye, nyumbani: mdomo unabaki umekufa ganzi kwa saa mbili tatu, na mtoto anautafuna kwa sababu unamshangaza. Asubuhi unakuta mdomo wa chini umevimba na una kidonda cheupe, mama anakimbia kliniki akidhani ni usaha. Mkalie karibu mpaka ganzi iishe, na chakula kisubiri.

Shangazi, mimi ni baba mtu mzima lakini nikisikia ile harufu ya kliniki ya meno miguu inalegea. Nilipokuwa mdogo niliteswa sana. Mwanangu ana miaka minne, mke wangu atakuwa safarini kikazi wiki hiyo, ni mimi ninayetakiwa kumpeleka. Nataka nimweleze mapema yaliyonipata ili ajiandae kiume. – Baba Legelege

Baba, hadithi hiyo niandikie mimi, mwanao usimwambie. Kujiandaa kiume ni nini kwa mtu wa miaka minne? Atajiandaa kukimbia.

Watoto hurithi hofu ya meno kwa wazazi wao hata bila kuambiwa neno. Wanasoma uso, na wanahisi mkono uliowashika umelowa jasho. Kwa hiyo kama yupo shangazi, mjomba au bibi asiye na tatizo hilo, mkabidhi. Hutakuwa umeshindwa ubaba. Ikiwa hayupo, mnong'oneze msaidizi mkifika, nasi tumeshawazoea. Tutakuketisha miguuni mwa kiti ambako mtoto hauoni uso wako vizuri, na kazi yako itakuwa kushika soksi. Ukihisi kizunguzungu toka nje mapema, sema unakwenda kupokea simu. Baba aliyeanguka puu katikati ya chumba anawamaliza watoto wote waliopo hadi wale wa kwenye benchi.

Harufu yenyewe, ikikusaidia kujua, aghalabu ni ya yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, ambacho kimetumika kwa muda mrefu kwenye dawa za kuzibia meno kwa muda. Baada ya mtoto kumaliza, chukua miadi yako. Nasema hivyo kwa sababu mtu anayeandika barua kama yako huwa ana gego analotafunia upande mmoja.

Shangazi, kijana wangu ana mwaka mmoja na miezi miwili, meno sita tu. Nimesikia apelekwe akiwa na mwaka. Mume wangu anacheka, anasema meno yenyewe ya kung'oka, daktari atahesabu nini? – Mama wa meno sita

Atahesabu sita. Mwambie mumeo kwamba vyama vya madaktari wa meno ya watoto, kikiwemo cha Marekani, vinashauri mtoto aonwe ndani ya miezi sita tangu jino la kwanza litokeze, na asipitishe mwaka mmoja. Kwa hiyo mmechelewa kidogo, si sana.

Hata kiti hatapanda. Wewe na daktari mtakaa mkitazamana, magoti yamegusana. Mtoto atakukalia akiwa amekuelekea wewe, miguu yake imezunguka kiuno chako, kisha utamlaza nyuma taratibu mpaka kichwa kitue mapajani mwa daktari. Wewe unashika mikono, daktari anaangalia. Atalia, na akilia mdomo uko wazi wenyewe. Mambo yanakwisha upesi, unamwinua, anakuta uso wako uleule. Sehemu kubwa ya muda itakwenda kwako: unampigaje mswaki, analala na chupa mdomoni, ananyonya kidole?

Hilo la chupa ndilo ningependa mumeo alisikie. Mtoto akilala na chupa ya maziwa au juisi mdomoni, kinywaji kinatuama nyuma ya meno ya mbele ya juu, na usingizini mate ya kuyasuuza ni machache. Nyumbani fanya hivi: mara moja kila mwezi inua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, tazama pale jino linapokutana na ufizi. Mstari mweupe uliofifia kama chokaa ni dalili ya mwanzo ya kuoza, na katika hatua hiyo bado unaweza kurudishwa nyuma. Ukigeuka kahawia umeshasonga mbele.

Na hayo "ya kung'oka" hayang'oki kesho. Magego ya utoto hukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Yanatafuna, yanamsaidia kutamka, na yanawashikia nafasi meno ya ukubwani yanayojengeka chini yake. Dawa ya meno iwe yenye floridi, angalau ppm 1,000 (ndicho kipimo cha floridi) kwenye maandishi ya mrija, kiasi cha punje ya mchele kwenye mswaki hadi afike miaka mitatu, kisha kiasi cha njegere. Na mswaki uushike wewe. Mpaka afike miaka saba au minane mkono wake hautaweza kazi hiyo peke yake, hata akikuapia.

Shangazi, wa kwangu ana miaka mitano. Mwaka jana, kwenye kliniki moja, alishikwa na watu watatu aking'olewa jino. Sasa hataki hata kupita barabara ile. Ana jino jingine linaanza kutoboka. – Mama aliyechoka kubembeleza

Pole sana, na mpe pole na yeye. Badilisha jengo na daktari kama inawezekana; kama mnaweza kumpata daktari wa meno wa watoto, mtafuteni huyo. Miadi ya kwanza iwe ya kuzungumza tu, mtoto abaki nyumbani, umweleze daktari kilichotokea bila kupunguza. Ya pili mtoto aende, aone, akae, arudi. Mruhusuni awe na ishara ya kusimamisha kazi, kuinua mkono wa kushoto, na mkubaliane na daktari kwamba mkono ukiinuka kweli anasimama, hata kama mtoto anaujaribu tu kuona kama unafanya kazi. Atajaribu.

Asiambiwe asahau, wala kwamba safari hii ni tofauti. Mwambie, "Najua mara ile walikushika. Nimemwambia daktari huyu, na ameniambia hatafanya hivyo." Ila liseme baada ya daktari kukuahidi kwa kinywa chake.

Jino lenyewe lisiachwe likangoja hofu iishe, maana maumivu yakianza mtarudi kulekule kwenye kushikwa. Muulize daktari kuhusu yale maji ya fedha na floridi niliyoyaeleza kwenye barua ya kwanza. Kwa mtoto asiyeweza kuvumilia kitini, yamewapa wazazi wengi nafuu ya miezi kadhaa huku imani ikijengwa. Ipo pia gesi ya naitrasi oksidi, inayochanganywa na oksijeni na kuvutwa puani. Mtoto anatulia huku yu macho, na ikizimwa hali yake inarudi ndani ya dakika chache. Si kila kliniki inayo, na mtoto mwenye mafua makali hawezi kuivuta vizuri, kwa hiyo uliza kwa simu unapochukua miadi, si yeye akiwa ameshakaa kitini anakusikiliza.